Pensheni ya wazee ndiyo dawa ya kangomba

Kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Tandahimba, Mtwara. Mikorosho imeanza kutoa maua, na walanguzi wa kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, wameshaanza kupita majumbani. Mlango wanaoupenda ni wa mzee anayeishi na wajukuu. Fedha za mnada uliopita zilishaisha kwa unga, sare na vibarua, na korosho mpya ni mpaka Oktoba. Basi anaziuza zikiwa bado maua, kwa bei anayopanga mlanguzi.

Serikali inapambana na kangomba kwa kukamata watu. Sawa. Ila mzee wa miaka 75 anauza kwa njaa, na njaa haikamatwi. Salfa, dawa ya mikorosho, mnatupa, tunashukuru, lakini mashine ya kupulizia haibebeki kwa mgongo wake. Atakodi kijana, na vijana wengi wako Dar es Salaam.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia jukumu la kumtunza mzee. Familia ipi, Mheshimiwa? Huku bibi ndiye anayeitunza familia. Mfuko wa pensheni wa PSSSF ni wa watumishi wa umma. Mfuko wa maendeleo ya jamii, TASAF, unatazama kaya maskini, na mwenye mikorosho huonekana anajiweza hata kama shamba limegeuka pori.

Wenzetu Zanzibar walianza pensheni jamii Aprili 2016: aliyefika miaka 70 alipata shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa aliwahi kuchangia mfuko gani. Kiwango wakaja kukipandisha baadaye. Hawakungoja kwanza watajirike.

Najua Hazina watasema bajeti ni finyu. Lakini Tanzania bado ni nchi ya vijana, wazee ni wachache. Kuanza leo ni nafuu kuliko kuanza baadaye. Ufaransa ilikuwa na zaidi ya miaka 100 ya kujipanga wakati wenye miaka 65 na kuendelea wakiongezeka kutoka asilimia 7 hadi 14 ya watu wake. Nchi zetu hazitapata muda huo.

Ombi langu: anzeni na wenye miaka 70 wa Lindi na Mtwara. Kama fedha hazitoshi mwaka mzima, lipeni Mei hadi Septemba, miezi ya kangomba. Akaunti wanazolipiwa korosho kupitia AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, zipo tayari.

Wako,
Mkulima wa korosho, Tandahimba