Tuandike dawa za kina shosho wakiwa bado wako

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu hapa Othaya, Kaunti ya Nyeri, na leo nataka tuongee juu ya dawa za miti shamba za kina shosho, yaani nyanya zetu, maana naona zinaisha hivi hivi tukiangalia.

Kwetu shosho alifundishwa na mamake, naye akamfundisha shangazi yangu mkubwa, basi ikaishia hapo, kwa sababu sisi wajukuu tulipelekwa shule tukaambiwa hayo ni mambo ya kishenzi. Yaani tangu wakoloni walete sheria ya uchawi mwaka wa 1925, mtu wa mizizi na mtu wa uchawi wametiwa gunia moja na mpaka leo kuna watu hawajawatoa humo. Shosho alikuwa mtu wa kanisa kila Jumapili na ramli hakuijua hata siku moja.

Mti wa muthiga naukumbuka sana. Ukikohoa usiku anakuvunjia kagome kadogo kama ukucha, anakwambia tafuna polepole umeze mate, na aki hako kagome kanawasha kuliko pilipili, machozi yanakutoka lakini koo inafunguka. Mizizi ya muteta ilikuwa ya supu ya mifupa ya mbuzi, chungu, lakini wazee wasipoiona kwa sufuria wanauliza. Muiri ndio aliuheshimu kabisa. Anauzunguka kwanza aangalie kama umeshakatwa, kisha anatoa gome upana wa kiganja upande mmoja tu, anapaka matope, na mti huo haguswi tena mpaka kidonda kizibe.

Na kuna wagonjwa alikuwa anawakataa. Mtoto akiletwa na degedege anasema huyu si wangu, kimbieni hospitali, na kama hamna nauli anafungua leso anawapa. Mama mja mzito hakupewa mizizi hata akilia. Hiyo elimu ya kukataa siioni kwa hawa wanaouza unga wa magome kwa steji za matatu, chupa moja inatibu sukari, presha, mgongo mpaka ndoa, na haijaandikwa jina la mti wala kipimo.

Huo muiri nao una soko kubwa, magome yake yamekuwa yakipelekwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume tangu miaka ya 1960, Ufaransa ndio walianza, na miti ikachunwa nchi nyingi za Afrika hadi mwaka wa 1995 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Miaka miwili iliyopita watu tusiowajua waliingia shamba letu usiku wakachuna miiri mitatu kuzunguka shina lote, kutoka chini mpaka mahali mkono ulifika. Yote ilikauka ikiwa imesimama. Ni ile ile shosho alikuwa anapaka matope. Shangazi alipoletwa kuiona alishika shina, hakusema kitu, tukamrudisha nyumbani.

Sheria tunazo, ya 2016 inalinda maarifa ya jadi na inataka kaunti ziweke rejista, na ile ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya kienyeji, sawa, lakini hiyo rejista itajazwa na nini kama hakuna mtu anakuja kukaa na hawa wazee? Naomba kaunti itume vijana wenye daftari vijijini, na nyinyi gazeti mtupe hata nafasi ndogo kila wiki mzee mmoja aeleze mti mmoja, jina lake kwa lugha ya kwao, unakatwaje, unapewa nani na nani asipewe.

Mimi nimeshaanza na shangazi, Jumamosi jioni tukimaliza kukamua. Ana miaka 84. Tumefika miti 23 na anasema bado hatujavuka mto.

Msomaji wenu,
Othaya, Nyeri