Watoto wapewe maboksi wayakate, ubao peke yake hautoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu hesabu za maumbo wanazofundishwa watoto wetu hapa Kampala, maana zinaniuma kweli. Mtoto anaimba vizuri kabisa, mchemraba una nyuso 6, kingo 12, pembe 8, lakini mpe boksi la chaki mkononi umwambie haya nionyeshe hizo kingo 12, anaanza kubahatisha. Na si kosa lake. Umbo limechorwa ubaoni, bapa, zinaonekana nyuso 3 tu, zilizobaki ticha anaweka vistari vya nukta nukta na mtoto inabidi aamini.

Mimi kazi yangu ni bati, niko Katwe, tunatengeneza masanduku ya wanafunzi wa bodingi. Sanduku ni mche mstatili, nyuso zake 6 zinaenda mbili mbili, ya juu sawa na ya chini, ya mbele na ya nyuma, kushoto na kulia. Sasa chukua sanduku la urefu sentimita 80, upana 45, kimo 30, zidisha vipimo viwili viwili unapata 3,600 na 2,400 na 1,350, jumlisha halafu zidisha mara mbili, ni sentimita za mraba 14,700. Bati la futi 8 kwa 4 lina karibu 29,700, kwa hiyo kwenye daftari linatoa masanduku mawili, lakini ukianza kukata halitoi, kwa sababu vipande havipangiki vikalijaza bati lote na kila ukingo unataka pindo la kushikia. Hapo ndio mtoto anaelewa ukingo ni nini, ni pale nyuso mbili zinapokutana, na pembe ni pale kingo zinapokutana.

Sigiri ya duara nayo ni silinda. Mwili wake ukiukunjua ni mstatili wa kawaida tu! Kama mdomo una kipenyo cha sentimita 28 unazidisha kwa 22/7, unakata bati la urefu wa 88, pindo unaongeza juu yake.

Halafu kuna njia ya mtoto kujikagua mwenyewe ambayo naona hawaambiwi, ya Mswisi mmoja Leonhard Euler, aliiandika mwaka 1750: jumlisha pembe na nyuso, toa kingo, jibu ni 2. Mchemraba, 8 na 6 toa 12. Piramidi yenye kitako cha mraba, 5 na 5 toa 8. Mche wa pembetatu, 6 na 5 toa 9. Lakini asiipeleke kwenye silinda, koni wala tufe, hizo zina uso uliopinda na njia hii si ya maumbo hayo.

Walimu wengi wana darasa limejaa na vifaa hakuna, hilo nalijua. Lakini maboksi ya sabuni na ya majani ya chai yanatupwa kila siku madukani, hayana bei, na mtoto mdogo akate boksi, bati linakata vidole.

Na nyie gazeti nawaomba mtupe kakona kadogo kila wiki, mchapishe umbo moja lililokunjuliwa, mtoto alikate alikunje mwenyewe. Mchemraba peke yake unakunjuliwa kwa njia 11 tofauti, kwa hiyo wiki 11 za kwanza tayari mnazo.

Mzazi na fundi bati,
Katwe, Kampala