Herufi za kamera, kabla ya Jumamosi

Hamjambo wapendwa. Jumamosi tunakutana kupiga picha Dunga, kando ya ziwa Kisumu, saa kumi na moja jioni. Wengi mmeniuliza maana ya zile herufi zilizo kwenye kamera, basi someni hapa.

Wenye Canon, zungusheni kile kigurudumu cha juu hadi Tv. Si televisheni! Hapo unachagua kasi ya shata (kile kipazia kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga), kamera inajipangia tundu la lenzi, yaani uwazi mwanga unapopitia. Kwenye Nikon ni S. Mdiria akiruka, anzeni na 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, la sivyo mabawa yatatoka ukungu mtupu.

Av (Nikon ni A) ni ya kuchagua tundu, ambalo huandikwa kwa f. Hapa ndipo watu hukwama: f/2 ni tundu kubwa kuliko f/11, maana namba hiyo inagawanya urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi). Lenzi ya milimita 50 kwa f/2, tundu lina upana wa milimita 25. Ukitaka mtumbwi na ziwa nyuma yake vyote vionekane vizuri, nenda f/11.

Jua likizama pandisheni ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), 800 hata 1600. Afadhali picha yenye chenga kuliko iliyotikisika. AF kamera inajitafutia fokasi, MF unazungusha mwenyewe. RAW (faili la picha likiwa ghafi) ni tamu lakini inakula nafasi ya kadi.

Wa simu pia karibuni. Chajini betri Ijumaa usiku.