Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Basi la Shule Lisiuzwe Bila Masafa ya Kweli

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni dereva wa basi la shule. Juzi alfajiri nilikwama kando ya barabara na watoto 38, basi la umeme likiwa limeisha chaji. Baridi ilikuwa kali. Nilikuwa nimezima hita ili tufike, na bado hatukufika. Mtoto mmoja aliniuliza huku analia kama nilisahau kulichaji. Sikusahau, lilitoka limejaa.

Muuzaji aliandika kwamba likijaa chaji linakwenda kilomita 200; hayo ndiyo masafa yake. Msimu huu wa baridi sijavuka 130. Alipoulizwa, alijibu kwamba 200 ni kwa "mazingira mazuri". Yapi hayo? Mkataba hausemi. Nadhani walilipima likiwa tupu, kwenye tambarare, hita imezimwa. Mimi nabeba watoto, napanda vilima, mlango unafunguliwa kila kituo na joto linatoka, na hita inakula betri ileile inayozungusha magurudumu. Tena kuna akiba ambayo mfumo hauruhusu kuigusa ili betri isiharibike. Sikujua hilo hadi tulipokwama.

Silichukii basi la umeme. Watoto wetu hawavuti tena moshi wa dizeli, na hilo nalishukuru kila siku. Ndiyo maana nakasirika.

Marekani, gari dogo jipya la umeme huuzwa na kibandiko kinachotaja masafa yake. Ulaya, magari madogo yana kipimo kimoja cha pamoja cha maabara, kiitwacho WLTP, kinachopima pia masafa, tangu 2017. Taratibu zote hizo haziligusi basi la shule, kwa kuwa ni zito. Yaani anayenunua gari la kwendea kazini analindwa, na anayenunua la kubebea watoto anaambiwa amwamini muuzaji!

Mheshimiwa, ulituahidi kanuni kuhusu masafa ya mabasi haya. Tulikupigia makofi, tukangoja. Tangu hapo nimeitwa ofisini mara mbili kujieleza, kana kwamba ni mguu wangu unaomaliza betri.

Muuzaji alazimishwe kuandika: basi likiwa limejaa abiria, hita ikiwaka, siku ya baridi, litafika kilomita ngapi? Na betri ikichoka baada ya miaka kadhaa, ngapi? Ikiwa yote ni mengi, basi hiyo namba moja ya baridi. Iandikwe kwenye mkataba kabla shule haijatia sahihi. Namba moja tu, Mheshimiwa.

Jumatatu naliendesha tena basi lilelile.

Wako mtiifu,
Dereva wa basi la shule