Tukague mpira wa mafuta kabla ya kununua kontroli boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie mafundi na wamiliki wa magari ya zamani wa Mtwara na Lindi, hasa sisi tulio na Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Baadhi yetu tumeanza kung'oa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kufunga nozeli za kunyunyizia petroli zinazoongozwa na kontroli boksi (kompyuta ndogo ya injini) ya kununua, badala ya kuitupa injini ya asili.

Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kabureta, hata ikisafishwa vizuri, ina jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, za kipimo kimoja. Haitambui kwamba gari lililotoka usawa wa bahari sasa linapanda Newala, ambako hewa ni nyepesi zaidi, na matokeo yake petroli inazidi hewa, plagi kutoka nyeusi tii na petroli kuisha kabla ya safari. Kontroli boksi husoma mzunguko wa injini, presha ya hewa ndani ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) na joto la maji, kisha huamua nozeli ifunguke kwa milisekunde ngapi. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi nayo huonyesha kama mchanganyiko umekaribia kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, ili kipimo kirekebishwe gari likiwa linatembea.

Linalonitia hofu ni kwamba fedha zote huishia kwenye kisanduku na nozeli, halafu mpira wa mafuta, yaani bomba la mpira linalopeleka petroli kwenye injini, unaachwa ule ule wa zamani. Pampu ya asili ya gari hili husukuma mafuta kwa presha ya takriban baa 0.2 tu (baa ni kipimo cha presha), ilhali mifumo mingi ya nozeli huhitaji baa 3 hivi, yaani zaidi ya mara kumi. Ukunje mpira huo kwa vidole karibu na klipu, utaona nyufa ndogo ndogo zilizojificha. Kwenye kabureta ungevuja matone; kwa presha ya nozeli utarusha petroli kama mvuke, na katika injini hii ya lita 2.25 manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, kwa hiyo petroli hiyo itaangukia kwenye chuma cha moto. Ni lazima ununuliwe mpira uliotengenezwa kwa ajili ya presha hiyo, pamoja na klipu zake. Fundi naye akumbuke kwamba presha hubaki ndani ya bomba hata baada ya injini kuzimwa, hivyo aipunguze kwanza kabla ya kufungua kiungo chochote.

Kosa jingine, nalo ni kubwa, ni kuunga pampu ya umeme moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Pampu ipitie rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inayoongozwa na kontroli boksi, ili injini ikizimika ghafla, kwa mfano gari likipinduka, mafuta nayo yakatike. Ukiiunga kwenye ufunguo itaendelea kusukuma petroli huku abiria wakiwa bado ndani.

Kuhusu umeme, sisi watu wa pwani tuna tatizo letu. Bodi la Land Rover ni la aluminiamu na limekaa juu ya chasisi ya chuma. Chumvi ya bahari ikiingia katikati, metali hizo hulika na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, huwa ya kubahatisha. Ethi za sensa zifungwe kwenye injini yenyewe, si kwenye bodi, na kila kiungo kizibwe vizuri, maana shaba ikishaota ukungu wa kijani, sensa huleta taarifa za uongo na lawama hupewa kisanduku kisicho na hatia.

Mafundi wetu wana mikono mizuri, wengi wao wamekosa tu mahali pa kujifunzia. Naviomba vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi viandae kozi fupi ya jioni juu ya kazi hii, tangu kupima presha ya mafuta hadi kurekebisha vipimo kwa kompyuta, na wauza vipuri nao walete mipira inayofaa. Gari langu nitalitoa litumike kufundishia.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara