Silikoni inayopinda, nasi mafundi tuione

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi simu Mwanjelwa. Juzi mama muuza viazi wa Uyole aliniletea simu aliyoikalia kwenye bajaji: kioo ni kizima, lakini chipu ya ndani imepasuka kama kigae. Silikoni, yaani kitu kinachotengenezewa chipu, ikiwa nene ndivyo ilivyo. Ikiwa nyembamba kuliko unywele mara mia kadhaa, inapinda! Mwaka 2006 John Rogers na wenzake, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliibandika juu ya mpira uliovutwa. Mpira ulipoachiwa, silikoni ikajikunja mawimbi, ikanyumbuka bila kuvunjika, transista zake (swichi ndogo za umeme ndani ya chipu) zikiwa zinafanya kazi.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hapo Iyunga, kwa nini kisituite mafundi hata siku moja kwa muhula tukaelezwa mambo haya? Hadubini nitakuja na yangu.

Fundi simu,
Mwanjelwa, Mbeya