Msiikimbize pH 7 kwenye tangi jipya la samaki

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu samaki wa mapambo ilimshauri anayeanza kufuga nyumbani ahakikishe maji ya tangi yana pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali): ikizidi atie siki kidogo, ikipungua atie magadi. Ushauri huu umezoeleka mno, na wauzaji wengi huutoa bila kuulizwa. Ukifuatwa kama ulivyo kwenye tangi lenye wiki mbili, samaki wanaweza kufa ndani ya usiku mmoja, na mwenye tangi akabaki akidhani ameuziwa samaki wagonjwa.

Nianze na hiyo 7 yenyewe. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na samaki wake wadogo wa miambani, wa ukoo mmoja na sato na perege, wangeteseka kwenye 7. Ziwa Nyasa huwa baina ya 7.7 na 8.6. Neoni tetra na diskasi asili yao ni mito ya Amazon, ambako maji ni laini, yaani yana chokaa kidogo, na pH inaweza kuwa chini ya 6. Gapi na moli hupenda maji magumu, yenye chokaa nyingi. Samaki wengi wa madukani, kwa kuwa wamezalishwa kwenye mabwawa kwa vizazi vingi, huishi vizuri popote kati ya 6.5 na 8.2 ili mradi namba isirukeruke. Na ikumbukwe kwamba hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi katika uasidi, kwa hiyo kumtoa samaki kwenye 8 na kumpeleka 7 kwa mchana mmoja si jambo dogo hata kidogo.

Kitu ambacho makala haikukigusa ni KH, yaani kiasi cha kaboneti kilichomo kwenye maji. Hiki ndicho kinachoishikilia pH isiyumbe. Kipimo chake ni cha matone: unachota mililita 5 za maji, unadondosha tone moja moja huku ukitikisa, mpaka rangi igeuke kutoka buluu kuwa njano. Tone moja ni digrii moja, sawa na takriban miligramu 18 kwa lita. Ukipata digrii 4 hadi 8, pH yako imetulia na huna haja ya kuigusa. Ukipata chini ya 2, inaweza kuporomoka wakati wowote hata kama leo inasoma 7 kamili. Mwenye fedha ya kipimo kimoja tu cha ziada anunue hiki, aachane na zile chupa za kupandisha na kushusha pH.

Upimaji wenyewe una mitego miwili. Wa kwanza ni kupima maji yaliyotoka bombani au kisimani sasa hivi. Maji ya kisima kirefu hasa hutoka na kaboni dayoksaidi nyingi, na gesi hiyo huishusha pH kwa muda. Jaza ndoo, weka jiwe la hewa (kile kijiwe cha pampu kinachotoa mapovu), yaache saa 24, kisha pima tena. Si ajabu 7 ya jana ikawa 8 leo, na hiyo ya pili ndiyo samaki wako watakayoishi nayo. Mtego wa pili ni kipimo chenye upeo mfupi. Vipimo vya matone vinavyouzwa sana huishia 7.6. Maji ya 8.4 nayo yatatoa rangi ileile ya mwisho, na mtu ataandika 7.6 kwa moyo mweupe. Rangi ikifika mwisho wa kadi, tafuta kipimo cha upeo wa juu, kinachoanzia 7.4. Karatasi za kuchovya, kwa sisi wa pwani, huharibiwa na unyevu wa hewa mara kopo likishafunguliwa, sizipendekezi.

Sasa kwa nini tangi jipya ni hatari kuliko la zamani? Mkojo na mavi ya samaki pamoja na chakula kilichobaki hutoa amonia. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, lakini huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha. Muda wote huo pH ndiyo inayoamua ukali wa sumu. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia haifiki hata sehemu moja iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama sehemu 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Amonia ni ileile, kipimo chake kinasoma vilevile. Kilichobadilika ni pH tu. Basi fikirieni mtu mwenye amonia ya kutosha kwenye tangi la 6.8, anaambiwa amwagie magadi afike 7, mkono unateleza, anafika 8.

Bakteria hao pia hula KH. Kila miligramu 2.5 za amonia kwa lita wanazozigeuza humaliza takriban digrii moja. Kwenye maji laini, au kwa anayejaza tangi lake maji ya mvua matupu, KH inaweza kuisha kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Dalili yake inadanganya. pH inashuka hadi 6 au chini yake, bakteria wanakaribia kusimama kazi, amonia inapanda, lakini samaki wanaonekana wazima kwa sababu kwenye pH hiyo amonia karibu yote haina sumu. Mwenye tangi anapima, anashtuka, anabadilisha nusu ya maji kwa maji ya bomba yenye pH 8. Ndani ya muda mfupi samaki wako juu wanatweta, mashavu yamewiva. Ukikuta pH imeshuka hivyo na amonia imepanda, acha kulisha kwa siku mbili, badilisha asilimia 10 tu ya maji asubuhi na 10 jioni, na hakikisha pH haipandi zaidi ya 0.3 kwa siku. Amonia ikishakaribia sifuri ndipo urudishe KH.

KH inarudishwa kwa soda ya kuokea, ile bikaboneti tupu. Kanuni ni gramu 3 kwa kila lita 100 kwa kila digrii moja. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54 kwa hesabu, lakini ukitoa kokoto na nafasi ya juu linabaki kama lita 45. Kulitoa digrii 1 hadi 4 kunahitaji gramu 4, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Gawa mara tatu, sehemu moja kwa siku, koroga kwenye glasi ya maji ya tangi mpaka iyeyuke, mimina taratibu pale chujio linapotolea maji. Bikaboneti hata ikizidi kidogo haitapeleka pH mbali na 8.2 au 8.3.

Magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna kaboneti ya sodiamu, inayoipandisha pH kuelekea 10, na mara nyingi floraidi pia, na hakuna mfuko wa sokoni unaolingana na mwingine. Baking powder nayo ina wanga na asidi, itachafua maji bure.

Wenye tatizo la upande wa pili, pH 8.2 na KH 14, ni wengi zaidi huku pwani, maana visima vyetu vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe. Hawa ndio wanaoambiwa watie siki au ndimu. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Asidi inashusha pH kwa saa chache, kaboneti inaimeza, kesho yake namba imerudi pale pale na samaki wameyumbishwa mara mbili. Juu ya hayo siki ni chakula cha bakteria wanaoelea. Maji yanageuka kama maji ya mchele na hewa inapungua. Chupa za dukani za kushusha pH nyingi zina fosfeti, na huzaa mwani. Njia ya uhakika ni kupunguza KH yenyewe kwa kuchanganya na maji ya mvua: nusu kwa nusu, 14 inakuwa 7. Acha mvua ioshe bati kwanza kwa robo saa ndipo ukinge, na usikinge kwenye bati jipya au lililopakwa rangi karibuni. Changanya kwenye pipa, pima, ndipo uweke tangini. Majani makavu ya mkungu, yale ya kahawia yaliyojiangukia, hushusha pH taratibu, jani moja kubwa kwa lita 30 hivi, lakini yatafanya kazi KH ikishakuwa chini ya 4 tu. Kwenye maji ya kisima yatakupa rangi ya chai na hakuna zaidi. Na kama huna nafasi ya pipa, fuga gapi, moli au samaki wa maziwa yetu makuu, uache maji yako yalivyo.

Kabla ya yote, tazama ulichoweka ndani ya tangi. Mchanga wa baharini, makombe, vipande vya matumbawe na kokoto za marumaru huyeyusha chokaa siku zote. Dondosha siki kwenye jiwe kavu: likitoa povu, lina chokaa. Mapambo ya saruji mbichi ni mabaya zaidi, hupandisha pH kupita 10. Yaloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji mpaka pH ya ndoo ilingane na ya bomba.

Jambo la mwisho ni siku ya kuleta samaki. Mfuko uliosafiri saa moja uelee tangini dakika 15, halafu ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano hadi ujazo uwe mara mbili. Mfuko uliosafiri usiku kucha usiufanyie hivyo. Humo mna amonia nyingi na kaboni dayoksaidi iliyoishusha pH. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda na sumu inaamka samaki wakiwa bado humo. Sawazisha joto huku mfuko umefungwa, fungua, chota samaki kwa wavu, weka tangini mara moja. Maji ya mfuko yamwage nje kwa hali yoyote.

Klorini nimeiruka kwa makusudi, makala yenu iliieleza vizuri. Nawaomba tu toleo lijalo lirekebishe habari ya siki na magadi, kwa kuwa likizo ya shule inakaribia na watoto wengi hununuliwa matangi wakati huo.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Tanga